Dekali za modeli ya zamani zimekufa: uziokoe, ununue, uprinti au upake rangi?

Ukifungua boksi la modeli ya ndege lililokaa kabatini miaka thelathini au arobaini, plastiki mara nyingi unakuta iko poa kabisa, kilichokufa ni dekali, zile stika za kulowanisha na maji. Zimekuwa za njano kama meno ya mvuta sigara, au zimeshikana na nailoni, au ukiweka moja kwenye maji inasambaratika vipande hata kabla hujaigusa na kibano. Hapo kila mtu ana dawa yake: mmoja anakwambia tupa ununue nyingine, mwingine anika juani, mwingine printi mwenyewe bana, siku hizi printa ziko kila kona. Kiukweli wote wanajibu kuhusu shiti nzima, wakati swali ni la alama moja moja. Kwenye ndege moja unaweza ukapaka mstari kwa rangi, ukaprinti namba ya usajili, ukanunua nembo, na ukaokoa vile vidude vidogo vidogo vya zamani, na ikatoka safi kuliko ungeng'ang'ania njia moja.

Nitumie mfano mmoja ili tusiongee hewani: Super VC10 ya kampuni ya Airfix, ile ya 1/144 (yaani ndogo mara 144 kuliko ndege halisi) ya kizamani yenye dekali za BOAC, shirika la ndege la Uingereza la wakati huo. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza ni ndege ya abiria, ina ule mstari mrefu wa ubavuni, na mstari mrefu ndio kitu cha kwanza kukatika kwenye dekali nzee. Pili wengi huku wanaitafuta sio kwa ajili ya BOAC bali kwa ajili ya East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, ambao walikuwa nazo tano: 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Ya kwanza ilifika mwaka 1966, na 5H-MOG iliyokuja 1970 ndio VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa kati ya zote 54. 5X-UVA iliangukia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, watu 43 wakafariki. Nne zilizobaki, baada ya shirika kufa 1977, zilinunuliwa na jeshi la anga la Uingereza wakazigeuza kuwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Ile iliyokuwa 5H-MMT, wakati huo inaitwa ZA147, ndiyo VC10 ya mwisho kuruka duniani, Septemba 2013. Kwa hiyo mtu akitaka kuweka 5H-MMT kwenye shelfu yake Dar namuelewa vizuri sana, ila dekali zake hatazikuta ndani ya lile boksi.

Kabla ya kuchagua chochote, skani

Hii sio njia ya tano, hii ni lazima. Toa shiti, iweke kwenye skana na rula pembeni, skani kwa 600 dpi au 1200 kama mashine inaweza, usave kwa mfumo ambao haubani picha. Rula ni muhimu kwa sababu baadaye ukiprinti au ukikata maski (kile cha kufunika sehemu usiyotaka ipate rangi) utahitaji kujua milimita halisi, na skani nyingi zikipita programu mbili tatu zinabadilika saizi kimyakimya. Fanya hivyo hata kama dekali zinaonekana nzima, kwa sababu uokoaji ukifeli shiti inaondoka na ramani yake, na hapo hata wa kukuprintia hana cha kunakili.

Kisha jaribu kipande usichokihitaji. Karibu kila shiti ina jina la kampuni au namba ya boksi imeprintiwa kwenye kona, kata hiyo, weka kwenye maji ya uvuguvugu, subiri. Ikiteleza nzima, hongera, una kazi ndogo. Ikiteleza lakini haishiki, gundi ndio imekufa na hiyo inatibika. Ikivunjika, utando umekufa, yaani ile ngozi nyembamba ya uwazi inayobeba wino. Isipotoka kabisa hata baada ya dakika kadhaa, na karatasi imeota madoa ya ukungu, basi unyevu wa pwani umeshafanya kazi yake, gundi ilishalowana na kukauka mara nyingi huko kabatini. Na kama unaona pembeni kumetafunwa, ni mende au wale wadudu wa vitabu, gundi ya dekali ni ya jamii ya wanga, kwao ni msosi.

Kuokoa za zamani na kununua mpya

Hizi mbili nazilinganisha kwanza kwa sababu ndizo watu wanazofikiria kwanza, na kwa sababu zote zinakupa kitu kimoja ambacho printa ya nyumbani haikupi, rangi iliyoprintiwa nene, yenye nyeupe ya kweli chini yake.

Kuokoa kuna magonjwa matatu na kila moja lina dawa yake. Njano inatoka kwa jua: bandika shiti kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, uso wa dekali ukiangalia nje, ndani ya mfuko wa nailoni unaofungika, na ukiweka kale kapakiti ka kunyonya unyevu kanakokuja kwenye viatu vipya ni vizuri zaidi. Inachukua siku kadhaa hadi wiki mbili tatu, inategemea njano imekolea vipi. Huku kwetu jua sio tatizo, tatizo ni kwamba watu wanaianika nje moja kwa moja juu ya bati, joto linaikunja karatasi na utando unapasuka. Kioo kinapitisha miale ya kutosha, kuwa na subira. Angalia kila siku maana nyekundu nayo inaweza kuanza kupauka, na ukiona njano imeisha kwenye sehemu nyeupe, toa, usiongeze siku za bonasi. Ila jua linaondoa njano tu, haliponyeshi utando uliokauka.

Utando uliokauka dawa yake ni kuupaka utando mpya juu. Kampuni ya Microscale wana kitu kinaitwa Liquid Decal Film, unapaka kwa brashi laini, mkono mmoja mwepesi, unaacha ikauke usiku mzima. Vanishi ya kung'aa ya kupuliza nayo inafanya kazi, wengi wanatumia hiyo kwa sababu inapatikana kwenye duka la rangi za magari, ila jaribu kwanza kwenye ile kona maana nyingine ni kali zinayeyusha wino. Sasa hapa kuna jambo watu wanalisahau: ukishapaka juu ya shiti nzima, dekali zote zimekuwa kitu kimoja, zile kingo za kiwandani hazipo tena. Lazima ukate kila alama kwa wembe mpya karibu na wino kadri unavyoweza. Kwa mduara au herufi kubwa hamna shida, kwa maandishi madogo madogo yaliyotawanyika ni kazi ya jicho hasa.

Gundi iliyokufa ndio ndogo kuliko zote, gundi nyeupe ya mbao kidogo sana ndani ya maji, au Micro Set (maji ya dukani ya kushikisha dekali) chini ya dekali, imeisha hiyo.

Kununua sasa. Faida yake kubwa ni kwamba unapata kitu kipya, chembamba, chenye utando laini, na mara nyingine utafiti bora kuliko wa boksi la asili. Kwa ndege za abiria majina ya kutafuta ni 26Decals wa Uingereza na Draw Decal wa Marekani. Kwa za kivita uwanja ni mpana zaidi, Xtradecal, Print Scale, Caracal, Techmod, Kits-World na wengine, na ukiona shiti imeandikwa imeprintiwa na Cartograf wa Italia ujue uprinti wake hauna mjadala. Kuna mlango mwingine pia, kununua boksi jipya la ndege hiyohiyo kwa ajili ya dekali tu. Roden wa Ukraine wametoa Super VC10 za 1/144, pamoja na Type 1154, na hiyo Type 1154 ndio ya East African yenyewe. Ukifika hapo lakini jiulize kwa nini usijenge hiyo mpya na ile Airfix ukaiacha iwe BOAC, maana dekali zilizochorwa kwa bodi ya kampuni moja hazilali sawa kwenye bodi ya kampuni nyingine. Pua ikitofautiana milimita moja tu, mstari wa ubavuni unakuja kukutana mbele ukiwa umepishana, na mkia ndio usiseme.

Ubaya wa kununua kwa sisi wa huku ni safari. Shiti yenyewe ni karatasi, inaingia kwenye bahasha, lakini posta na ushuru vinaweza kufanya karatasi ikaribie bei ya modeli. Kama una ndugu Uingereza, Muscat au Marekani, hiyo ndio njia ya wengi, inaletwa ndani ya kitabu kwenye begi ikiwa imenyooka. Muambie tu asiifungue, na asiiache juu ya dashibodi ya gari.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili: kama muundo unaotaka unauzwa, na shiti yako imekuwa dhaifu, nunua, usipoteze wiki tatu dirishani. Kama shiti yako ni njano tu lakini inateleza nzima, okoa, ni bure. Na kama muundo wako hauuzwi popote, okoa hata kama ni kwa shida, huku skani ikikaa pembeni kama bima. Kitu kimoja kinachonifanya nipende kuokoa kuliko wengi wanavyopenda ni dhahabu. Ile BOAC ya kati ya miaka ya 1960 ina mkia wa bluu ya giza na ndege yao Speedbird ya dhahabu juu yake, na dhahabu ya kiwandani printa ya ofisi haiwezi, itakutolea rangi ya haradali. Hizo Speedbird mbili za mkiani zinastahili uvumilivu wa dirishani hata kama mengine yote unayatupa.

Kuprinti mwenyewe

Hapa ndipo kuna maneno mengi na nusu yake hayana ukweli, tuyapitie polepole.

Printa zote za kawaida, ya wino na ya tona (leza), hazina rangi nyeupe. Nyeupe unayoiona kwenye printi ni karatasi. Kwenye karatasi ya dekali ya uwazi, chini hakuna kitu, kwa hiyo kila rangi inaonyesha kilicho chini yake. Njano juu ya bluu inapotea kabisa, nyekundu juu ya bluu inakuwa kama damu iliyokauka. Nyeusi na rangi za giza sana ndizo zinajitetea, na hata zenyewe juu ya nyeupe au rangi ya mwanga. Ukisema basi nichukue karatasi ya dekali nyeupe, sawa, ila hapo kila ukingo unaoukata unaonyesha mstari mweupe, na ukitaka kuuficha lazima uprinti rangi ya nyuma ifanane na rangi uliyopaka bodi, jambo ambalo kwenye skrini linafanana na kwenye plastiki halifanani. Zamani kulikuwa na printa za Alps mfululizo wa MD zilizoweza kuprinti nyeupe na za metali, watu wanazitunza mpaka leo kama mali ya urithi, ila hazitengenezwi tena. Siku hizi kuna mashine za OKI zenye tona nyeupe, ni za watu wa fulana na mifuko, na kama kuna duka mjini kwako linayo basi umepata dhahabu, nenda na karatasi yako mwenyewe.

Kati ya wino na tona mimi nachagua tona bila kufikiri mara mbili kwa 1/144. Wino unalowana, lazima uprinti, uache ukauke vizuri, alafu upulize vanishi mikono miwili mitatu, ule wa kwanza uwe mwepesi kama ukungu la sivyo herufi zinatapakaa, na ukiacha sehemu haijafunikwa maji yanaingia pale na kazi imekwisha. Tona haiogopi maji, herufi zinatoka kali zaidi, unaweza hata kuruka vanishi japo nakushauri mkono mmoja kwa sababu tona inapasuka ukiikunja kwenye kona. Ubaya wa tona ni moto wa ndani ya mashine: karatasi ya dekali ya wino ukiiingiza kwenye mashine ya tona inaweza kuyeyukia kwenye rola. Ndio maana ukienda steshenari na karatasi yako ya ajabu yule dada anakuangalia vibaya, na ana haki, mashine ni yake. Nenda na paketi iliyoandikwa ni ya leza, muoneshe, na muombe apitishe kwa mkono ile trei ya pembeni ili karatasi isikunjike sana.

Na usichanganye karatasi. Karatasi za kuchapia vikombe na fulana zinazouzwa Kariakoo na River Road sio hizi, zile nyingi ni za kuhamisha rangi kwa joto, ukiziweka kwenye maji unapata karatasi iliyolowa. Alafu kuna hizi stika mpya za UV DTF ambazo kila duka la chapa linazo sasa, zinazobandikwa kwenye chupa na glasi. Zinavutia kwa sababu zina nyeupe, zina rangi kali, hazihitaji maji, na mtu atakuprintia shiti nzima kwa pesa ndogo. Kwenye helikopta ya 1/24 labda. Kwenye ndege ya 1/144 zina unene unaouona kwa macho na kuugusa kwa kidole, zimesimama juu ya plastiki, na hakuna dawa ya kulainisha itakayozilaza kwenye mistari ya mabati. Acha.

Kinachofaa kuprintiwa basi ni kipi? Maandishi meusi au bluu ya giza yanayokaa juu ya nyeupe. Namba ya usajili, jina la shirika, alama za milango, maandishi madogo ya injini. Kwa Super VC10 ya East African hiyo ni sehemu kubwa ya kazi, maana juu ya bodi ni nyeupe. Chora upya kwenye Inkscape, programu ya kuchorea ambayo ni bure, usiprinti picha ya skani moja kwa moja, skani inakuja na vumbi na kingo zenye ukungu. Pima kutoka kwenye picha ya ndege halisi kwa uwiano: ndege ina mita 52.32, kwenye 1/144 hiyo ni sentimita 36.3, kwa hiyo herufi yenye sentimita 60 kwenye ndege ya kweli inakuwa milimita 4 na kidogo. Jaza shiti nzima nakala, karatasi ya dekali ni ghali na tona ni ileile, utaharibu tatu nne na utashukuru zilizobaki.

Kupaka rangi kwa maski

Kwangu mimi hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo inayotoa kazi nzuri kuliko zote pale inapowezekana. Alama iliyopakwa haina utando, haigeuki njano, haipati ule weupe wa hewa iliyonaswa chini, na rangi yake inafanana na rangi nyingine za ndege kwa sababu ni chupa ileile. Dekali ndefu ya ubavuni yenye sentimita thelathini na kitu, hata ikiwa mpya, inajikunja, inajinyoosha, inakataa kuwa sambamba. Mstari uliopakwa kwa tepu unaenda unapotaka. Weka nyeupe kwanza, acha ikauke kwelikweli, tia tepu nyembamba ya kazi hii ya Tamiya kuweka ukingo, jazia na tepu ya kawaida, alafu puliza mkono mwembamba wa ileile nyeupe juu ya ukingo wa tepu ili uzibe vinjia, ndipo upulize rangi ya mstari. Huo mkono wa nyeupe ndio siri ya ukingo mkali, na watu wengi wanauruka kwa haraka.

Kwa ndege za kivita duara ndio kila kitu, na duara ni rahisi kupaka kuliko unavyodhani. Alama ya duara ya Uingereza ile ya kuanzia 1942 kwa ubavuni, C1, vipenyo vyake vinaenda kwa uwiano wa 3:4:8:9, nyekundu, nyeupe, bluu, njano. Ile ya kabla yake, A1, ni 1:3:5:7. Kwa ndege ya kivita ya Spitfire ya 1/72, C1 ya inchi 36 inakuwa na kipenyo cha milimita 12.7, kwa 1/48 ni 19. Ukiwa na kisu cha bikari, kama kile cha OLFA, na tepu pana, unakata mwenyewe nyumbani, unaanza na rangi za mwanga unaenda za giza. Dekali za zamani za duara mara nyingi zina nyekundu iliyohama katikati, kosa la kiwandani ambalo hakuna jua la dirishani litakaloliponya. Hapo kupaka kunashinda kuokoa na kunashinda hata baadhi ya za kununua.

Sasa upande ambao sisi tuna bahati kuliko mtu wa Ulaya. Huko mtu akitaka kukata maski za herufi ananunua mashine ndogo ya Silhouette au Cricut. Huku kila mtaa una jamaa wa stika, wa matatu, wa daladala, wa bodaboda, ana plota ya vinaili (mashine ya kukata stika) na anajua kuitumia akiwa amefumba macho. Mpelekee faili ya vekta (mchoro wa mistari, kama ule wa Inkscape) kwenye flashi, mwambie akukatie kwenye vinaili nyembamba isiyo na gundi kali, na asitoe vipande vya ndani, wewe utavitoa mwenyewe. Itakugharimu kidogo sana. Mipaka yake ni saizi: chini ya milimita nne hivi kisu cha plota kinaanza kuzungusha kona na vipande vya ndani ya herufi A na R vinang'oka. Na gundi ya vinaili ya magari ni kali, inaweza kuondoka na rangi yako, kwa hiyo ibandike kwanza kwenye jinzi mara kadhaa ipungue nguvu ndipo uiweke kwenye modeli. Kwa jina EAST AFRICAN la ubavuni kwenye 1/144 uko mpakani kabisa, kwa 1/72 ungepaka bila wasiwasi.

Isipofaa basi: nembo zenye michoro ndani. Nembo ya simba wa East African kwenye saizi hiyo huwezi kuipaka kwa maski, labda uwe na mkono wa kimungu na brashi ya unyoya mmoja. Na bendera tatu, ile ya Uganda na korongo wake katikati, sahau.

Kwa hiyo kwa ndege hii mimi ningefanya hivi

Kama ni BOAC na shiti ipo: mstari wa ubavuni na mkia wa bluu napaka, Speedbird za dhahabu naziokoa, maandishi ya bluu naprinti kwa tona kutoka kwenye skani niliyoichora upya. Kama Speedbird zimevunjika kabisa hapo ndipo nanunua, sio kabla.

Kama ni East African: mistari napaka, usajili na maandishi ya giza naprinti, simba na bendera nanunua au natafuta mwenye tona nyeupe, na kama hapatikani naprinti kwenye karatasi nyeupe nakata kufuata umbo lenyewe, maana vikikaa juu ya rangi nyeupe ule ukingo mweupe hauna madhara. Hii ndio bahati ya ndege zenye juu nyeupe, karatasi nyeupe inasamehewa. Ingekuwa ndege ya kivita ya Hunter ya kijani na kijivu nisingeigusa.

Pesa zikiwa chache kabisa na huna hata printa, kupaka na kuokoa vinakufikisha mbali, unabaki kudaiwa nembo tu. Muda ukiwa mchache na pesa zipo, nunua. Mwenye vyote viwili vichache aweke modeli pembeni kwanza, dekali za haraka zinaonekana kutoka mlangoni.

Njia yoyote ya dekali utakayochukua, chini lazima pang'ae. Rangi ya mati (isiyong'aa) ina vinundu, utando unalala juu ya vinundu na hewa inabaki chini, ndio ule weupe wa fedha unaouona. Puliza vanishi ya kung'aa kwanza, bandika, mwisho kabisa ndio uamue kung'aa au mati. Dawa za kulainisha nazo hazilingani: Micro Sol ni ya upole kiasi, Mr. Mark Softer inafanana nayo kwa kazi, Solvaset ni kali. Za kununua za kisasa zinazivumilia nyingi, za zamani zilizopakwa utando mpya inategemea ulipaka nini, na za wino zilizozibwa kwa vanishi zinaweza kukunjamana na zisirudi. Jaribu kwenye kijiko cha plastiki kilichopakwa rangi ileile, zile nakala za ziada ulizojaza kwenye shiti ndio kazi yake.

La mwisho kwa wa East African, kabla hujakata kitu: Type 1154 ilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni mbele upande wa kushoto, ambao Super VC10 za BOAC hazikuwa nao. Boksi la BOAC halina huo mlango. Kwa hiyo uchonge mstari wake kwenye plastiki kabla ya rangi, alafu upange maandishi ya upande huo kwa kufuata picha ya ndege yenyewe unayoijenga, usikopi upande wa kulia ukaugeuza. Na picha iwe ya usajili huohuo, 5H-MMT kama unajenga 5H-MMT.